Uliza Ujibiwe: Wabunge wanapokunjana mashati

Kikapu cha barua safari hii kimejaa ngumi za bungeni. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na hizi sita ndizo zilizobaki.

Hapa kijiweni tunabishana. Mmoja wetu anasema wabunge wakipigana ni hasira tu, kama walevi. Mwingine anasema ni maigizo ya kamera. Nani mkweli?
*Bodaboda, Kirumba, Mwanza*

Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila kinachosaidia zaidi ni kutazama wanakokimbilia. Walevi hupigana pale pale walipokaa. Mbunge aliyepania huacha kiti chake, akawapita wapinzani watano waliomzomea mchana kutwa, akamvamia mtu aliyeshika karatasi. Nyinyi majirani wa soko la samaki la Mwaloni hamhitaji kufafanuliwa: kelele za magunia ya dagaa hazianzii mtumbwini, huanzia kwenye mizani, maana pale ndipo kilo zinapotamkwa na bei ikafungwa. Bungeni mizani ni kiti cha Spika, kipaza sauti, siwa na nakala ya muswada.

Siwa ni lile rungu linalotangulizwa Spika anapoingia ukumbini. Katika mabunge yaliyorithi mila za Uingereza, kikao ni kikao pale siwa inapokuwa mahali pake, ndiyo sababu mwenye hasira huiendea. Mwaka 1976 mbunge Michael Heseltine aliinyakua katika Bunge la Uingereza na kuiinua mbele ya mahasimu wake waliokuwa wakiimba. Taiwan wao hugombea jukwaa: kambi moja ikiziba ngazi za jukwaa, Spika hakifikii kiti na shughuli haziendi. Karatasi nazo zina historia yake huko. Mwaka 2006 mbunge Wang Shu-hui alikwapua pendekezo la usafiri wa moja kwa moja kati ya Taiwan na China, akalitia mdomoni ili lisipigiwe kura. Mei 17, 2024, mwingine alizoa makaratasi mezani akatoka nayo mbio nje ya ukumbi.

Wanachogombea hasa ni muda. Walio wengi wana kura na walio wachache wana saa. Kanuni zikiwaruhusu walio wengi kufunga mjadala na kupitisha muswada siku hiyo hiyo, mchache hubakiwa na mwili wake tu wa kucheleweshea. Watafiti wa siasa waliohesabu ugomvi wa aina hii wameukuta zaidi katika demokrasia changa na pale ambapo mgawo wa viti hauendani na kura zilizopigwa. Walevi wako kila nchi, lakini mabunge yanayopigana ni yale yale.

Kamera nayo ina sehemu yake, hilo hatulikani. Anayevua saa na miwani kabla hoja haijasomwa hakuja kujadili.

Ule ugomvi wa Kampala wa mwaka 2017 ulihusu nini? Waliopigana walipata walichotaka?
*Msomaji, Bukoba*

Ulihusu Ibara ya 102(b) ya Katiba ya Uganda, iliyomtaka mgombea urais awe na umri wa kati ya miaka 35 na 75. Mbunge Raphael Magyezi alitaka ruhusa ya kuwasilisha muswada wa kuuondoa ukomo huo. Zogo lilianza Septemba 26. Kesho yake Spika Rebecca Kadaga aliwasimamisha wabunge 25, wakakataa kutoka, naye akaondoka ukumbini. Hapo wakaingia askari wasiovaa sare. Vyuma vya kushikia vipaza sauti viligeuzwa marungu na viti vikarushwa. Baadhi ya wabunge walibebwa mikono na miguu, na Betty Nambooze aliumia mgongo.

Walichopata ni miezi mitatu. Ruhusa ilitolewa siku hiyo hiyo baada ya ukumbi kusafishwa, na Desemba 20 muswada ukapita kwa kura 317 dhidi ya 97. Kilichoanguka kilianguka mahakamani: mwaka 2018 Mahakama ya Katiba, iliyokaa Mbale, ilifuta kipengele cha wabunge kujiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba, ikauacha ukomo wa umri ubaki umeondolewa.

Nairobi ilikwenda vivyo hivyo. Desemba 18, 2014, katika mjadala wa muswada wa sheria za usalama, karatasi zilichanwa na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Muswada ulipita mchana huo, ukasainiwa kesho yake, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Kwa hiyo anayetaka kujua hatima ya muswada uliopiganiwa aitazame ratiba ya mahakama, ngumi haimwambii mengi.

Nafundisha Uraia. Wanafunzi wanauliza: kwetu Dodoma imewahi kutokea? Na Spika hufanya nini, hatua kwa hatua?
*Mwalimu, Sengerema*

Imetokea, Mwalimu. Septemba 5, 2013, wakati wa muswada wa kurekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, Naibu Spika Job Ndugai alimwamuru Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, Freeman Mbowe, atoke. Wabunge wa upinzani wakamzunguka asiguswe, askari wakasogea, na mbunge Joseph Mbilinyi akatolewa kwa purukushani kubwa. Januari 27, 2016, polisi waliingia ukumbini kuwatoa wabunge wa upinzani waliokuwa wakipinga kusitishwa kwa matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ya taifa.

Hatua tunazieleza kwa Kanuni za Kudumu toleo la Januari 2016. Zimetolewa upya tangu hapo, kwa hiyo darasani tumia toleo jipya kwa namba za kanuni.

Spika akisimama, anayezungumza anakaa na ukumbi unanyamaza. Hilo ndilo kufuli la kwanza, na likivunjika mengine hulegea. Baadaye huja onyo, kisha amri ya kutoka nje kwa muda uliobaki wa kikao cha siku hiyo. Asiyetii, au aliyedharau kiti, anaweza kutajwa na kusimamishwa: vikao visivyozidi 10 kwa kosa la kwanza, visivyozidi 20 kwa kosa la pili na kuendelea. Wakati huo haingii maeneo ya Bunge na analipwa nusu mshahara. Mashauri mazito hupelekwa Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Fujo ikifika mahali pa kutumia nguvu, Spika anaweza kuahirisha shughuli au kusitisha kikao kwa muda atakaoutaja, Mpambe wa Bunge, yaani ofisa anayesimamia utulivu ukumbini, akaidhibiti.

Inakwama wapi? Mpambe na wasaidizi wake wametengenezewa mtu mmoja mkaidi. Mtu mmoja aliyezungukwa na wenzake hamsini si kazi yao tena, kwa hiyo wanaitwa watu wa nje, na kuingia kwao ndiko kunakowasimamisha hata waliokuwa wamekaa kimya. Kosa la pili ni mpangilio: amri ya kumtoa kiongozi wa kambi hutolewa kambi yake yote ikiwa ukumbini na kikao kikiendelea. Kusitisha kwanza kwa dakika thelathini, watu wakatawanyika kwenda chai, kungempunguzia Mpambe kazi nusu nzima. Kanuni inaruhusu kusitisha. Maspika wengi hukumbuka kifungu hicho mwishoni.

Mbunge akimvunja mwenzake jino ukumbini, kinga inamwokoa? Na kwa madiwani je?
*Msomaji, Igoma*

Ibara ya 100 ya Katiba yetu inamkinga mbunge na mashtaka kwa jambo alilolisema au kulifanya ndani ya Bunge. Watu hunukuu kipande hicho na kuruka mwanzo wake, unaosema kinga hiyo ni bila ya kuathiri Katiba yenyewe au sheria nyingine inayohusika. Mlengwa wa kinga ni mjadala: maneno, hoja, muswada, maombi. Ngumi si hoja, ingawa mabunge mengi hupenda kumalizana nyumbani kwa kusimamishana.

Senegal hawakumalizana nyumbani. Desemba 1, 2022, mbunge Massata Samb alimzaba kofi mwenzake Amy Ndiaye, aliyekuwa mjamzito, na mwingine, Mamadou Niang, akampiga teke tumboni. Januari iliyofuata mahakama ya Dakar iliwahukumu kila mmoja miezi sita jela. Marekani ya mwaka 1856 ilikuwa na huruma ya aina nyingine: mbunge Preston Brooks alimpiga Seneta Charles Sumner kwa fimbo mezani pake hadi akazimia, akatozwa faini ya dola 300 na kurudishwa bungeni na wapiga kura wake. Sumner alikaa nje ya kazi zaidi ya miaka mitatu.

Diwani hana Ibara ya 100. Awe wa Jiji la Mwanza au wa Ilemela, akimpiga mwenzake kwenye baraza ni raia wa kawaida mbele ya Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 240 kwa shambulio la kawaida, cha 241 kwa shambulio la kudhuru mwili. Aliyepigwa achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituo cha polisi na kwenda nayo hospitali siku hiyo hiyo. Kama anavuja damu, atibiwe kwanza na fomu ifuate. Kesi nyingi za aina hii hudhoofika kwa kuwa mtu alikwenda nyumbani kukandwa maji ya moto, uvimbe ukashuka, na daktari akakosa cha kuandika.

Kuna nchi iliyofaulu kupunguza ngumi hizi?
*Msomaji, Musoma*

Korea Kusini, kwa sehemu kubwa. Desemba 2008 chama tawala kilijifungia ndani ya chumba cha kamati ili kuanza kuujadili mkataba wa biashara na Marekani. Wapinzani wakaja na nyundo kubwa kuvunja mlango, na mitungi ya kuzimia moto ikafunguliwa usoni mwa watu. Novemba 2011, siku ya kuupigia kura mkataba huo huo, mbunge mmoja alilipua bomu la machozi ukumbini.

Mwaka 2012 walibadili sheria, na busara yake ni kwamba haikuongeza adhabu peke yake. Iliweka jela hadi miaka mitano kwa anayetumia nguvu kuzuia kikao, lakini pia ilimnyang'anya Spika uwezo wa kuuvuta muswada moja kwa moja hadi kwenye kura, isipokuwa kwa maafa, dharura au makubaliano ya vyama. Njia ya mkato ya kuharakisha muswada ikahitaji sehemu tatu kwa tano ya kura, yaani 180 kati ya 300. Na wachache wakapewa haki ya kuhutubia bila kikomo. Februari 2016 waliitumia dhidi ya muswada wa ugaidi: wabunge 38 walipokezana jukwaa kwa saa 192. Wenye nyundo wamekuwa wenye koo zilizokauka.

Haikudumu bila ufa. Aprili 2019 mtaimbo ulionekana tena mlangoni, safari hii watu wakigombea kuzuia hiyo njia ya mkato yenyewe.

Shule yetu ina bunge la wanafunzi mwezi ujao, wabunge 60. Mara iliyopita walikaribia kushikana. Tupange vipi?
*Mlezi wa klabu, Nyamagana*

Panga viti 30 kwa 30 vikitazamana, na kati yake acha nafasi ya hatua nne za mtu mzima. Pale London wana mistari miwili myekundu sakafuni, inayosemwa kuwa imeachana urefu wa panga mbili na ushei. Nyinyi chokaa itatosha. Kiti cha Spika kiwe na njia ya kutokea nyuma yake, si katikati ya kambi. Wapambe wawe wawili, mmoja kila upande, na swichi ya kipaza sauti iwe mezani kwa katibu, mbali na mzungumzaji.

Maji yatolewe kwa vikombe vya plastiki, chupa zibaki nje. Kura zipigwe kwa kuitwa majina watu wakiwa wamekaa, maana kuwatembeza 60 kwenda milango ya ndiyo na hapana ni kuwapa mabega ya kugongana. Kila kambi iandikiwe dakika zake ubaoni kabla ya kuanza, na asiyezitumia zote azitoe mwenyewe, zisikatwe na Spika.

Muswada uchapwe nakala kumi, moja wapewe wapinzani kabisa. Ikiwepo moja tu, itachanwa.