Re: Fizi zinatoka damu na jino linacheza, ana miaka 17

Habari mkuu. Nilivyokuelewa, mdogo wako akipiga mswaki fizi zinatoka damu, jino la mbele la chini limeanza kucheza, na mmeshauriwa aache mswaki asukutue maji ya chumvi tu.

Kuacha mswaki, hapana. Damu hiyo kwa kawaida inaletwa na utando wa bakteria uliojibana pale jino linapokutana na fizi. Ukiachwa unakuwa ugaga, yaani unakauka na kuwa mgumu kama jiwe, na ugaga hautoki kwa mswaki wala mkaa, unakwanguliwa kliniki. Atumie mswaki laini, aulaze kidogo kuelekea fizi, dakika 2 asubuhi na usiku.

Sasa hilo jino ndilo linanipa wasiwasi. Kijana wa umri huo akija kwetu kliniki ya meno hivyo, tunakimbilia kuangalia magego ya kwanza na meno ya mbele. Kuna aina ya ugonjwa wa fizi inayokula mfupa sehemu hizo hata kinywa kikionekana kisafi, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Je, kuna mzazi au ndugu aliyepoteza meno mapema? Apimwe pia sukari ya damu. Sigara na shisha muulize mkiwa wawili tu, mbele ya mama hatasema kweli.

Mfupa umebaki kiasi gani siwezi kujua bila eksirei. Mkifika kliniki ombeni pia wapime kina cha fizi, yaani ile nafasi kati ya fizi na jino: milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Daktari akitaka kung'oa jino kabla ya hiyo eksirei, tafuteni daktari mwingine.