Gemu linaanza vizuri kisha linakuwa zito: pima joto kabla ya kununua RAM

Mkuu, umesema gemu la mpira la PES 2017 kwenye laptop yako linakwenda safi robo saa ya mwanzo, halafu wachezaji wanaanza kuburuta miguu, na fundi wa hapo Mwanga kakwambia uongeze RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Usitoe hela kwanza. RAM ikiwa ndogo, gemu hukwamakwama tangu mapema. Kinachongoja robo saa mara nyingi ni joto.

Yalinikuta hapa Ujiji kiangazi cha mwaka jana, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Laptop yangu ina prosesa ya Core i5-6200U, RAM GB 8, haina kadi ya picha ya peke yake. Nilishauriwa nipige Windows upya. Nikapiga mara mbili, na picha za msiba wa bibi zikapotea humo. Hadi leo inaniuma, maana tatizo lilibaki palepale.

Kilichonisaidia ni HWMonitor, programu ya bure ya kupima joto la kompyuta. Niliifungua kisha nikacheza: joto likafika nyuzi 97, na kwenye Task Manager ya Windows kasi ya prosesa ikashuka kutoka GHz 2.7 hadi chini ya 1. Prosesa hiyo ukomo wake ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na ndio uzito unaouona.

Nikafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na mapezi ya kupozea, vumbi lilikuwa limeshikana nene kama kipande cha blanketi. Zima mashine, chomoa betri, litoe kwa brashi laini, na ukipuliza ishikilie feni isizunguke. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ifute kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje ya mchele. Tangu siku hiyo sijavuka nyuzi 78.

Kama huna bisibisi leo, inua nyuma ya laptop kwa vifuniko viwili vya chupa za maji, usichezee kitandani, na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kiwe asilimia 99. Turbo, yaani kasi ya ziada ya prosesa, itazimika, utapoteza kasi kidogo, ila haitaporomoka kirahisi.

Ukikuta joto halizidi 80 na gemu bado zito, hapo ndipo tuzungumzie RAM. Kwa mashine zisizo na kadi ya picha ya peke yake kama yangu, vipande viwili vya GB 4 vinafaa kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu picha nazo zinapita kwenye RAM hiyohiyo. Pima leo usiku, uniandikie namba.