Vinyume vya Kiingereza kwa watoto wa msingi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa mwaka wa tatu hapa Goma wanakariri vinyume vizuri, kisha wanakosea wanapotunga sentensi. Naamini chanzo ni kukariri maneno yakiwa peke yake, kwani kinyume cha "old" kwa mtu ni "young", lakini kwa kitabu ni "new". Neno letu "refu" huwatatiza zaidi: mtu mrefu ni "tall", kamba ndefu ni "long", na maji marefu ya ziwa Kivu ni "deep", ambalo kinyume chake ni "shallow", wala si "short". Nisingewapa orodha mapema. Waonyeshe kwanza chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo, iliyojaa mifuko ya makala (makaa), "full" na "heavy", kisha ileile ikirudi tupu, "empty" na "light", na kila mtoto aseme sentensi nzima huku akiitazama.