Nani Walianzisha Makazi ya Kando ya Ziwa Baringo?

SWALI: Mhariri, kijana wangu wa sekondari ameandika kwamba makazi ya kando ya Ziwa Baringo yalianza Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Uskoti, alipofika huko mwaka 1883. Je, ni kweli? Na kama watu walikuwako, waliishije katika nchi kame namna ile?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli. Thomson aliwakuta Il Chamus, ambao wageni waliwaita Njemps, wakiishi kusini mwa ziwa katika vijiji vilivyozungushiwa maboma, na misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuvizoea kama mahali pa kupumzika na kununua nafaka.

Jamii hiyo, inayosema Kimaa, lugha ya Wamasai, ilitokana na wavuvi na wawindaji wa ufukweni pamoja na wafugaji waliopoteza mifugo yao katika vita vya karne ya 19. Kwa kuwa mvua za huko si za kutegemewa, waliyategemea maji ya mito Perkerra na Molo, yanayoteremka kutoka nyanda za juu: walikinga mto kwa magogo, matawi na udongo, wakayaelekeza maji kwenye mifereji hadi mashamba ya mtama na wimbi. Mafuriko yalipokibomoa kizuizi hicho cha mtoni, walikijenga upya kwa vifaa vilevile. Baraza la wazee ndilo lililosimamia mifereji na zamu za maji, na kwa maoni yangu utaratibu huo, kuliko mifereji yenyewe, ndio uliowawezesha watu wa asili mbalimbali kukaa pamoja.

Hata hivyo akiba yao ilikuwa na kikomo. Msafara mkubwa wa Teleki na von Höhnel, wapelelezi kutoka Austria-Hungaria, ulipopiga kambi huko mwishoni mwa mwaka 1887, nafaka ilikuwa adimu, ikabidi watu watumwe hadi Ukikuyu kutafuta chakula, huku wengine wakiishi kwa nyama ya mawindo.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, misafara ilipoteza sababu ya kupita Baringo, na soko la nafaka likafifia. Il Chamus, ambao walikuwa wakijipatia mifugo tena, walizidi kuelekea kwenye ufugaji, na kufikia karibu mwaka 1917 mifereji mingi ilikuwa imeachwa. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa umwagiliaji wa Perkerra huko Marigat, kwa nguvu za wafungwa wa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya Mau Mau, ikitumia maji ya mto uleule.