Maswali ya Wasomaji: Kijana Anapopelekwa Kazini Kujifunza

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu vijana wa sekondari wanaopelekwa kwenye karakana, maduka na ofisi ili wajifunze kazi. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu jambo lake haliwezi kusubiri toleo lijalo.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni mama mkazi wa Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na akapata daraja la nne. Tangu Januari yupo kwenye gereji ya mtu anayefahamiana na mjomba wake. Mwenye gereji alitaka shilingi 150,000 za kumpokea, nikalipa. Sasa ni mwezi wa tano, na kila nikimuuliza mwanangu amejifunza nini hujibu kwamba anaosha vipuri, anatumwa chai na anasukuma magari. Hutoka nyumbani alfajiri, na mara nyingine hurudi saa tatu usiku. Mwezi jana aliungua mkono kwa maji ya rejeta, na mwenye gereji akasema kila fundi hujilinda mwenyewe. Baba yake anasema mafundi wote walianza hivyo hivyo. Je, nimwache au nimtoe? Na VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, watampokea kwa matokeo hayo?

Jibu: Mama, pole sana kwa mkono wa kijana, na tuanze na huo mkono. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa bado ya moto, kwa kuwa maji yaliyomo yamo kwenye mgandamizo na huruka nje yakichemka mara tu mfuniko unapolegezwa. Mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa fundi, huelezwa jambo hilo siku ya kwanza, kabla hajashika spana. Ikiwa kijana amekaa gerejini miezi mitano bila kuambiwa, basi kosa si la kijana, na kauli kwamba kila fundi hujilinda mwenyewe haikubaliki kwa mtu aliyepokea mtoto wa mwenzake, tena kwa malipo, ili amfundishe.

Baba yake hakosei anaposema kwamba mafundi wengi walianza kwa kuosha vipuri. Kuosha vipuri ni somo zuri likifanywa kama somo: kijana anapokabidhiwa pistoni, vali au bearingi aisafishe, akaambiwa jina lake, inakaa wapi, inafanya kazi gani na dalili za kuchakaa kwake ni zipi, atakuwa ameijua injini kabla hajaifungua. Lakini akiosha kwa miezi mitano bila kuambiwa neno, anachofanya ni kibarua, na kwa mwanao ni kibarua ambacho mama yake amekilipia. Gerejini wana msemo kwamba ufundi hujifunzwa kwa macho. Kiasi ni kweli, ila macho hayaoni kilichomo ndani ya mfumo wa breki mpaka fundi akifungue na kueleza.

Kabla hujaamua, kaa na mwanao jioni moja umuulize mambo machache, wala huhitaji kuwa fundi ili uyapime majibu yake. Mwombe akueleze kwa maneno yake kinachotokea dereva anapokanyaga breki mpaka gari linasimama. Muulize oili ya injini humwagwa vipi, chujio hubadilishwa lini, na kwa nini boliti za kichwa cha injini hukazwa kwa mpangilio maalumu badala ya kukazwa ovyo. Muulize ni kazi ipi ameifanya kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho huku fundi akimtazama. Kwa muda aliokaa, ingefaa awe anaweza kufanya huduma ndogo ya gari, yaani kubadili oili, machujio na plagi, na kukagua unene wa pedi za breki. Akijibu vizuri, basi anajifunza kuliko anavyojisifu, na tatizo lililobaki ni saa za kazi na usalama. Akibabaika kwa kila swali, gereji hiyo inatumia nguvu zake bila kumpa kitu.

Kuhusu saa za kazi, sheria imekwisha kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamhesabu mwanao kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini kazi inayozidi saa sita kwa siku inahesabiwa kuwa ya kinyonyaji, na kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa. Kurudi nyumbani saa tatu usiku baada ya kutoka alfajiri kunavuka mipaka yote miwili. Sheria hiyo hiyo inautambua uanagenzi, inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuuanza, na inamtwisha fundi anayempokea kijana wajibu wa kumfundisha na wa kuangalia afya yake na usalama wa mahali pa kazi.

Ushauri wetu ni kwamba msimtoe kwa ugomvi, wala msimwache kama alivyo. Mjomba ndiye aliyefungua mlango, basi aende yeye pamoja na baba, wakae na mwenye gereji kwa heshima na kumwomba mapatano yaandikwe. Karatasi moja inatosha. Iseme kijana atafundishwa nini na kwa muda gani, fundi gani hasa ndiye mwalimu wake, ataingia na kutoka saa ngapi, atapewa chakula au nauli kiasi gani, zile shilingi 150,000 ni za nini, na akiumia nani atampeleka hospitali na kulipa. Mwishoni iseme kwamba akimaliza atapewa barua inayoeleza alichojifunza. Watie saini wote, na kijana naye atie saini, kwa sababu na yeye ana wajibu wa kuwahi, kutii maelekezo na kutunza vifaa vya watu. Kipengele cha fundi mwalimu ndicho tunachokisisitiza kuliko vyote. Tumesoma barua nyingi za aina hii, na karibu kila kijana aliyekwama alikuwa wa kila mtu pale gerejini, anayetumwa na wote na kufundishwa na hakuna.

Mwanagenzi aliye chini ya mkataba analindwa pia na sheria ya mwaka 2008 iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoridhika na maneno ya mdomo. Mwenye gereji akikataa kuandika chochote, au akikubali kisha saa zikabaki zile zile, mtoeni kijana bila kuona haya, na mkihitaji msaada mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu au afisa kazi wa mkoa. Hizo ndizo ofisi za malalamiko kama haya.

Sasa VETA. Daraja la nne halimfungii mlango, kwa maana mafunzo ya ufundi stadi hayakuwekwa kwa ajili ya waliofaulu kwenda kidato cha tano pekee. Tanga kuna chuo cha VETA cha mkoa, na kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, hivyo ulizeni mapema tangazo la maombi litatoka lini, wala msisubiri mwisho wa mwaka. Mafunzo yana ngazi tatu, na kijana anaweza kuishia ya kwanza akaenda kufanya kazi, kisha akarudi kuendelea. Miezi iliyobaki kabla ya Januari si ya kupotea: mwanao akiitumia kwenye gereji nzuri, ataingia darasani akizijua spana na majina ya vipuri, na nadharia itamkalia vizuri kuliko mwenzake anayeiona injini kwa mara ya kwanza. Chuo nacho kitampa kile ambacho gereji nyingi za mitaani hazina, hasa mifumo ya umeme ya magari ya sasa na matumizi ya kompyuta ya kupimia hitilafu, ambayo fundi asiyeijua anazidi kukosa wateja.

Kwa maoni yetu chuo na gereji vinafaa kwenda pamoja. VETA yenyewe imekuwa ikiendesha mafunzo ya uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi hupishanisha muda wa chuoni na muda wa kazini chini ya mwajiri aliyeingia makubaliano na chuo. Ulizeni kama nafasi za namna hiyo zipo kwa mwaka mtakaoomba. Na kama itatokea kwamba kijana ameukomaa ufundi mtaani bila kupita chuoni, upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, huzibwa mapengo aliyonayo kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti.

Swali: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari mkoani Kilimanjaro. Ningependa wanafunzi wetu wa kidato cha tatu watumie sehemu ya likizo ya Juni kujifunza kwenye sehemu za kazi zilizo jirani, lakini wenye biashara niliowafuata wanasema watoto watawapotezea muda, na baadhi ya wazazi wanaogopa watafanyishwa kazi bure. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, tunakupongeza kwa kulifikiria hili. Tangu Januari 2024, mtaala mpya umeweka mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, katika baadhi ya shule za sekondari sambamba na mkondo wa elimu ya jumla, ila wanafunzi wa mkondo wa jumla nao wanahitaji kuona masomo yao yanafanya kazi gani nje ya ubao.

Anza na kidogo. Mwenye biashara anayekataa kukaa na mtoto wiki tatu hukubali mara nyingi kumpokea kwa siku moja ya kumfuata na kumtazama mtaalamu akifanya kazi yake, na siku hiyo ikipita salama huongeza nyingine mwenyewe. Usiombe kwa mdomo. Peleka barua ya shule inayosema wanafunzi ni wawili, siku ni ngapi, watatoka saa ngapi, na mwalimu gani atakuwa akipita kuwatazama. Kinachomtisha mwenye duka ni kuachiwa mzigo usio na mwenyewe, na barua inayotaja jina la mwalimu humwondolea hofu hiyo.

Usifikirie karakana peke yake. Mkoa wenu una vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya kahawa, na mwanafunzi wa utunzaji wa hesabu akikaa siku tatu na karani wa chama ataona stakabadhi ya mkulima ikigeuka kuwa mstari ndani ya leja, na leja ikigeuka kuwa malipo ya mkulima ambaye huenda ni babu yake. Hatujui darasa linaloweza kumfundisha hilo kwa kina kile. Wa biolojia amfuate afisa ugani shambani aone chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ya mibuni anayoyasikia nyumbani kila msimu. Wa Kiswahili aende kwenye redio iliyo jirani aone habari inavyoandikwa upya mara tatu kabla haijasomwa.

Viwandani kuwe na tahadhari zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au kama baharia, na mahali pengine popote penye mazingira ya hatari. Ziara ya kutazama mkiongozana na mwalimu inafaa, lakini mwanafunzi kuwekwa kwenye mashine hapana. Wapangeni wawili wawili, na wasichana hasa wasipelekwe mmoja mmoja, wala asikae mwanafunzi na mwenyeji peke yao chumba kilichofungwa. Haya wazazi wayasikie kutoka kwako kwenye kikao kabla ya likizo, pamoja na ahadi kwamba hakuna atakayezidisha saa sita wala kubaki baada ya jua kuchwa.

Kila mwanafunzi awe na daftari la kumbukumbu. Kila jioni aandike alichokiona, neno jipya alilolisikia na swali ambalo hakulipata jibu, na shule ikifunguliwa maswali hayo yaingie darasani. Na ukirudisha barua ya shukrani kwa mwenyeji, ukamwandikia jambo moja ambalo mwanafunzi alijifunza kwake, mwakani hutabisha hodi mara mbili.

Swali: Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na ninatarajia kusomea ufamasia. Ninasubiri matokeo. Duka moja la dawa mtaani kwetu Morogoro limekubali nikae nijifunze, na mwenye duka anataka niwe nawahudumia wateja yeye akiwa hayupo. Nikubali?

Jibu: Binti, kubali kujifunza, ila ukatae kubaki peke yako na wateja. Kuuza dawa ni kazi ya mtu aliyepata mafunzo yanayotambuliwa na Baraza la Famasi, hata kwenye duka la dawa muhimu, na ukimpa mtu dozi isiyo yake, anayeumia ni mgonjwa na anayeulizwa ni wewe uliyekuwa kaunta. Mwambie mwenye duka kwa adabu kwamba utakuwepo wakati yeye au mtoa dawa wake yupo.

Ndani ya mipaka hiyo yapo mengi ya kukufaa. Jifunze kupanga dawa ili zile zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, kusoma tarehe na namba ya toleo kwenye boksi, kutofautisha jina la dawa yenyewe na jina la kibiashara, na kusikiliza jinsi mtoa dawa anavyomuuliza mama umri na uzito wa mtoto kabla hajagusa chupa. Andika majina ya dawa 20 zinazoulizwa zaidi na kila moja inatibu nini. Tena fuatilia majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kwa kuwa wito huo huangukia katika miezi hii hii, na umwarifu mwenye duka mapema asije akakutegemea kisha ukaondoka ghafla.