Chumvi haiyeyuki, sufuria ndio itatangulia

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Jinja: kijana wake wa S.2, yaani kidato cha pili, alipewa kazi ya Kiswahili, aeleze kitu alichosoma kwenye kemia, akaandika "chumvi ikiyeyuka kwenye maji huo ni mmenyuko wa kemikali", mwalimu akapitisha kalamu nyekundu bila kusema kwa nini. Mama anauliza, mmenyuko ni neno sahihi ama aseme tu riaksheni?

Mama, mmenyuko ni sahihi, riaksheni nayo nitaivumilia, hiyo tumemaliza. Mimi kinachoniuma ni hilo "kuyeyuka". Yaani watu wamelifanya panga la kukatia kila kitu, barafu imeyeyuka, chumvi imeyeyuka, msumari kwenye asidi eti nao umeyeyuka! Kuyeyuka ni kitu kigumu kupata joto mpaka kikawa majimaji, basi. Chumvi ya mezani inayeyuka kwa nyuzi 801 za Selsiasi, sufuria ya alumini ikifika nyuzi 660 imeshakwisha. Sasa huyo kijana aniambie, wakati chumvi inayeyuka sufuria ilikuwa wapi? Na maji je? Na huyo aliyeshika mwiko anakoroga, yuko salama?

Chumvi kwenye maji inamumunyika. Ni mumunya ileile ya mtoto na switi yake, anaimumunya mpaka inaishia mdomoni, na hayo maji ya chumvi tunayaita mmumunyo. Wanafunzi wakilisikia wanacheka, wacha wacheke.

Halafu hapo hakuna mmenyuko wowote, hakijazaliwa kitu kipya. Nenda Katwe, kule kwenye ziwa la chumvi magharibi mwa Uganda, uone, maji ya ziwa yanakaa kwenye vidimbwi, jua linayakausha, chumvi inabaki chumvi. Lakini msumari ukiutia kwenye asidi hidrokloriki hiyo habari nyingine kabisa: mapovu yanapanda, ndio haidrojeni hiyo inatoka, chuma kinashikana na klorini ya asidi, na ukikausha yale majimaji msumari huuoni tena, unapata fuwele za kijani kijani. Kimezaliwa kitu ambacho hakikuwepo, huo sasa ndio mmenyuko, na mwalimu angeandika hivyo pembeni kijana angeelewa kuliko kumchorea mstari.

Jikoni semeni mnavyotaka, siwezi kugombana na nyumba zote za Uganda. Juzi mimi mwenyewe nilimwambia mke wangu asubiri chumvi iyeyuke kwenye mchuzi, akanijibu anangoja sufuria itangulie.