Kutoka OpenStack 2023.1 kwenda 2024.1 kwa Kolla-Ansible: malizana na RabbitMQ kwanza

Mkuu, umesema wingu lako la OpenStack (programu huria ya kuendesha wingu lako mwenyewe) lilisimikwa kwa Kolla-Ansible, zana inayoisimika OpenStack ndani ya kontena, juu ya Ubuntu 22.04, lina nodi (yaani seva) 3 za udhibiti na nodi chache zinazobeba mashine pepe. Liko 2023.1, unataka 2024.1, na kuna mtu amekushauri ubomoe usimike upya. Usibomoe. Njia ipo na ni rasmi: kuanzia 2023.1, toleo la kwanza la kila mwaka ni la aina inayoitwa SLURP, na ukiwa kwenye mojawapo unaruhusiwa kwenda linalofuata la aina hiyo bila kupitia lililo katikati. Kwa hiyo 2023.2 unairuka bila kosa.

Amri yenyewe ya kupandisha haina ugumu. Kinachosumbua ni hali ya seva kabla hujaiandika hiyo amri. Niliwahi kukabidhiwa wingu ambalo waliotangulia walizoea kurekebisha nova.conf (faili la usanidi la Nova, huduma inayoendesha mashine pepe) kwa mkono, seva moja baada ya nyingine. Liliendelea vizuri tu mpaka siku ya kupandisha. Kolla huandika upya mafaili ya usanidi kwenye kila nodi, ikichukua globals.yml (faili kuu la mipangilio ya Kolla) na vile ulivyoweka kwenye /etc/kolla/config ya mashine unayosimikia, kisha inaunda kontena mpya. Marekebisho yote ya mkono yakapotea kimyakimya, na hakuna aliyekumbuka yalikuwa yapi.

Basi anza hapo. Ukiwa bado kwenye toleo la zamani, endesha `kolla-ansible reconfigure --check --diff` usome tofauti zinazojitokeza. Mstari wowote ulio kwenye seva na haumo kwenye mafaili yako, uamue: unauhitaji au hauhitajiki tena? Unaouhitaji uhamishie /etc/kolla/config, na saraka nzima iwe kwenye Git (passwords.yml, faili la nywila, isimbwe kwa Ansible Vault kwanza, tafadhali). Hatua hii inachosha na inaweza kula muda kuliko upandishaji wenyewe, lakini sijaona mbadala wake.

Sasa RabbitMQ, programu inayopitisha ujumbe kati ya huduma za OpenStack, ambayo ndiyo sababu hasa ya kukuandikia kirefu hivi. Kolla ya 2023.1 inakuja na RabbitMQ 3.11, na 2024.1 inataka 3.13. RabbitMQ yenyewe haikubali kuruka matoleo mawili kwa mpigo, kwa hiyo lazima upite 3.12. Ukiwa bado ndani ya mazingira ya Kolla ya 2023.1, hujagusa kitu kipya, endesha `kolla-ansible rabbitmq-upgrade 3.12` pamoja na inventori yako (faili lenye orodha ya seva zako). Kabla ya hapo hakikisha kwa `rabbitmqctl list_feature_flags` kwamba vipengele vyote imara (feature flags) vimewashwa, maana 3.12 itagoma kuwaka visipokuwa hivyo. Tena amri hii si kama nyingine za Ansible unazoweza kurudia ovyo. Ikikwama katikati, soma logi ujue imefika wapi, ndipo uamue.

Ukishaona klasta ya 3.12 imetulia, tengeneza mazingira mapya ya Python kwa ajili ya Kolla ya 2024.1. Usisasishe yale ya zamani, utayahitaji. Nywila mpya ziunganishe na za zamani kwa `kolla-mergepwd`. Ukiweka faili jipya moja kwa moja juu ya la zamani, huduma zako zote zitakataliwa na hifadhidata. Halafu `prechecks` (ukaguzi wa awali), halafu `pull` ili imeji zishuke mapema, halafu bakapu ya MariaDB (hifadhidata ya OpenStack), na uijaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. OpenStack haina njia ya kurudisha muundo wa hifadhidata nyuma ukishapanda. Bakapu hiyo ndiyo mlango wako pekee wa kurudi.

Wakati wa `upgrade` mashine pepe hazizimwi, kwani michakato ya QEMU, ndiyo inayoziendesha, inaendelea hata kontena ya libvirt inayoisimamia ikiwashwa upya. Mtandao ni habari nyingine: Open vSwitch (swichi pepe ya mtandao) ikiwashwa upya, mawasiliano yanaweza kukatika kidogo, kwa hiyo watumiaji waambie mapema. API nazo, yaani milango ambayo programu hutumia kuliagiza wingu, zitayumba.

Kuhamia Ubuntu 24.04 kusichanganywe na hili hata kidogo. Mambo mawili yakibadilika usiku mmoja na kitu kikaharibika, utalaumu lipi? Maliza OpenStack kwanza. Mfumo endeshi utakuja baadaye, pale toleo lako la Kolla litakapouruhusu, nodi moja moja: zuia nodi isipokee mashine pepe mpya, hamisha zilizopo zikiwa hai, kisha ndiyo uifanyie kazi.

Kuhusu swali lako la OpenTofu, zana ya kuunda rasilimali za wingu kwa mafaili ya maandishi: ni zana nzuri, ninaitumia, na leseni yake ni huria kweli (ilizaliwa baada ya Terraform kubadili leseni mwaka 2023). Ila inasimamia vilivyo juu ya wingu: mitandao, diski, mashine pepe. Wingu lenyewe hailigusi, hiyo ni kazi ya Kolla. Siku ya kupandisha usiruhusu mtu aendeshe `tofu apply`, kwa sababu API ikiyumba katikati utabaki na rasilimali nusunusu za kusafisha.

Ukikwama kwenye `prechecks`, weka hapa matokeo yake pamoja na globals.yml, ukiondoa anwani na nywila.